Gitaa Kinywani mwa Mzee arap Tonui

Sikio langu la kushoto lilistaafu miaka miwili kabla yangu. La kulia bado linafanya kazi, lakini linataka kubembelezwa. Kwa hivyo mwaka huu nimeweka hedifoni chini, nimerudi kwa majani chai yangu nje kidogo ya mji wa Kericho, na nyinyi vijana mliobaki studio mmenisumbua niandike jinsi tulivyofanya kazi. Haya basi. Mishahara sitaitaja, haikuwa na mengi ya kutajwa. Vyeo katika kazi yetu ni viwili tu: anayebeba waya na anayemwambia abebe. Nitaandika yale ambayo yanaweza kuwafaa, pamoja na kosa langu moja ambalo nusura livunje ndoa ya watu.

Mimi ni Rael. Nimefanya sauti na muziki wa filamu za kuchekesha, zile zetu za hapa, za kamera moja na jenereta ya kuazima, ambazo waigizaji wanakuja wakishamaliza kuchuma majani na kukamua. Mwanzoni zilikaa kwenye kanda, halafu kwenye sahani za DVD, na sasa mnazitazama kwa simu mkiwa mmelala. Watu wa nje huuliza kwa nini filamu za kuchekesha za huku kwetu zimejaa magitaa ya roki yanayolia kama nyumba inaungua. Redioni wanauita muziki huo roki mbadala. Mimi nauita roki ya mabati, na nitaeleza.

Nilianza katika duka la Mzee Wainaina hapo mjini. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa Nyeri aliyeletwa huku na wazazi wake akiwa mdogo, na pembeni alipiga picha za video za harusi. Siku ya kwanza sikugusa mashine yoyote. Alinituma nyuma ya duka nikae robo saa, halafu nirudi nimwambie nimesikia nini. Nikarudi nikasema, "Hakuna kitu, mzee." Akasema, "Rudi." Mara ya pili nikamletea lori na kuku. "Rudi." Mara ya tano nilimletea lori, kuku, bomba la maji linalovuja, mama anayekwaruza sufuria kwa mchanga, na feni za kiwanda cha chai kule mbali ambazo nilikuwa nimezizoea tangu kuzaliwa hata sikujua kuwa ni sauti. Ndipo akanipa hedifoni.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Chepseon. Bibi harusi alipotoka kwa gari nilisahau nimeshika maiki, nikasema kwa nguvu, "Aki ni mrembo!" Maneno hayo yako kwenye kanda ya ile familia mpaka leo, juu ya wimbo wa kwaya. Mzee Wainaina hakunigombeza. Aliniwekea kipande hicho mara sita mfululizo, nikiwa nimekaa mbele yake, halafu akasema, "Rael, mwenye maiki hana mdomo. Hana kikohozi, hana kicheko, hana pole, hana amina." Niliiandika kwa kalamu juu ya kisanduku cha hedifoni. Nilidhani nimeielewa.

Filamu zililetwa na Kiprono. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Silibwet, mcheshi, mwenye haraka, mtu anayeanza sentensi tatu na kumaliza moja. Aliacha chaki akasema sasa yeye ni dairekta. Filamu yetu ya kwanza ilikuwa na mwanamume anayefukuzwa na ng'ombe wa jirani katikati ya majani chai. Mimi nikaiwekea kinanda, tiriri tiriri, na kishindo kidogo kila anapoanguka. Tukaionyesha katika ukumbi wa kanisa. Watu walitazama kimya kama wanaosikiliza matangazo ya vifo redioni. Mama mmoja alinishika mkono pale nje.

"Rael, hiyo muziki yenu inanifinya," akasema. "Inaniambia cheka, cheka. Mimi sichekeshwi kwa nguvu."

Niliumia, lakini mama alikuwa amenena. Isitoshe kulikuwa na shida ya mvua. Mnajua mvua ya Kericho: saa nane ikifika inakuja, uwe na filamu usiwe na filamu, na siku nyingine inakuja na mawe. Nyumba zote ni za mabati. Unaweka mablanketi dirishani, unamfunga mwigizaji maiki chini ya kola, na bado maneno yake yanatoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe la mahindi yanayokaangwa. Kurudia sini hatuwezi, mwigizaji lazima awahi kukamua. Nilikuwa na kanda nzima za mabati yakiongea na watu wakipanua midomo.

Dawa niliipata kwa bahati. Mzee Wainaina alikuwa ameugua, duka likashikwa na mwanawe Mbugua, ambaye alikuwa na bendi ya watu watatu nyuma ya duka. Walipiga roki. Majirani walikuwa wamewashtaki kwa chifu mara mbili, na mchungaji mmoja alikuwa amewaombea bila kuombwa. Siku hiyo nilikuwa nimejikinga mvua barazani, wao ndani wanafanya mazoezi, nikashangaa siwezi kusikia mvua inaishia wapi na gitaa linaanzia wapi. Ile mikwaruzo ya gitaa lao ilikuwa jirani kabisa ya mikwaruzo ya mabati. Niliingia ndani nikiwa nimelowa.

"Mbugua, hebu piga hivyo hivyo, lakini polepole."

"Mathe, umeanza kupenda roki?"

"Nimeanza kupenda kuficha mvua. Piga."

Tukaichukua ile sini ya ng'ombe. Mbugua aliitazama na kinanda changu akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Mathe, hii muziki yako inajua ni mzaha. Ndio shida. Sisi tutapiga kama watu wamefiwa." Wakapiga wimbo mzito, wa hasira na uchungu, dramu zikigonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Picha ilikuwa ile ile: jamaa kwa gamboti, ng'ombe mmoja, majani chai. Lakini sasa jamaa alikuwa anakimbia kana kwamba dunia inaisha Kericho pekee. Mzee Wainaina alikuwa amelala kitanda cha pembeni, mgonjwa kweli kweli, na alicheka mpaka tukamletea maji. Nilimtazama akifuta machozi na shuka nikajua nimepata kazi yangu.

Basi shikeni hili. Katika filamu ya kuchekesha, muziki usijue kwamba kuna mzaha. Mtu akiteleza kwenye matope, gitaa liomboleze. Akiiba kuku, bendi iamini kwamba anaokoa taifa. Na gitaa linyamaze pumzi mbili kabla ya neno la kuchekesha, si baada yake. Mkinyamaza baada, mnaomba makofi. Mkinyamaza kabla, mtazamaji anaegemea mbele mwenyewe, na hapo ndipo mnamkamata.

Feni za kiwanda nazo zilitupa shida, maana zile za kunyausha majani hazilali na zilisikika chini ya kila mazungumzo. Mbugua alivaa hedifoni yangu, akasikiliza mvumo wa zile feni, akalegeza nyuzi za gitaa lake moja moja mpaka likavuma sawasawa na feni. "Sasa kiwanda ni mwanabendi," akasema. Kuanzia hapo nyimbo zetu zote zilianzia kwenye sauti ya kiwanda. Wasomi wawili walishawahi kuja kutuuliza falsafa ya ule mvumo mzito. Niliwapa chai.

Sasa nifike kwenye kosa.

Filamu ilikuwa *Wajomba wa Kukodi*. Hadithi yake ni ya kijana asiye na jamaa anayetaka kwenda koito, yaani kuomba msichana kwao, na kwa vile huwezi kwenda koito peke yako kama unayeenda kununua chumvi, anakodi wachuma majani watatu wawe wajomba zake. Kijana huyo aliigizwa na mchekeshaji wetu tuliyemwita Sukuma. Msichana aliigizwa na Chelangat, binti wa hapo Silibwet, mwenye akili na ulimi, aliyetufanyia filamu nne bila kuchelewa hata siku moja. Chelangat alikuwa na mchumba wake wa kweli, Wesley, daktari wa mifugo huko Sigor. Koito yao ya kweli ilikuwa imebakisha wiki tatu. Alikuwa akijifunza mistari yake ya filamu huku akishona vazi la siku hiyo.

Mwigizaji wa kutoa baraka hakufika. Ng'ombe wake alikuwa anazaa, na kwetu hiyo ni sawa na barua ya hospitali. Kiprono alizunguka uani akishika kichwa, halafu akamwona mwenye nyumba tuliyokuwa tumeiazima, Mzee arap Tonui, amekaa kwa kigoda chake akitutazama. Mzee huyo alikuwa amebariki nusu ya ndoa za kilima kile kizima.

"Mzee, tusaidie," Kiprono akamwambia. "Simama hapa useme tu kama kawaida yako."

"Kama kawaida yangu?"

"Kama kawaida kabisa."

Mzee akasimama, akavua kofia. Akashika sotet, kibuyu chake chenye mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, akatazama Chelangat na Sukuma, na uso wake ukabadilika. Alichosema kwa Kikipsigis chetu sitaandika, na mtaona kwa nini. Naweza kusema tu kwamba sauti yake ilishuka, ikawa nzito na laini kwa pamoja, na mvua kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ilichelewa. Alikuwa akisema sentensi moja ya baraka, ananyamaza. Na kwetu mzee akinyamaza hivyo, watu huitika. Si jambo la kufikiria, ni kama kupepesa jicho. Wale wajomba wa kukodi wakaitika. Mwenye kamera akaitika. Na mimi, nimeinua maiki juu ya kichwa cha mzee, hedifoni masikioni, niliitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Mara nne.

Kiprono akapiga kelele, "Kata! Mungu wangu, mzee, umetuua!" Tukapiga makofi. Mzee akaketi, akapewa chai, akavuta kikombe mara mbili.

"Watoto wamependezana," akasema. "Kanisani wanaenda lini?"

"Mzee, hii ni mchezo tu," Kiprono akacheka.

"Mchezo ni wenu," arap Tonui akasema. "Mimi sikucheza."

Kicheko cha Kiprono kilikatika. Nilimtazama Chelangat, naye alikuwa ameshaanza kunitazama mimi. Alikuwa amejua kabla yetu sote.

Kesho yake habari ilikuwa kwenye kituo cha majani, ambapo akina mama wanangoja zamu ya kupima. Keshokutwa yake ilikuwa Sigor. Siku ya nne baba yake Wesley alituma ujumbe kwa akina Chelangat, mfupi tu: hawezi kuleta watu wake kuomba msichana ambaye mzee ameshambariki na mwanamume mwingine, watu wakaitika. Kama ni kweli, wao watakaa nyumbani.

Chelangat alikuja kwangu asubuhi hiyo. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanashuka tu huku anaongea.

"Anti Rael, Wesley anasema yeye hajali. Lakini hatavunja neno la babake, na mimi sitamwomba avunje. Mama anasema baraka bila kuitikiwa haijakamilika. Anti, kama kwa rekodi hakuna mtu aliitika..."

"Waliitika, Chelangat."

"Najua. Lakini wewe unaweza kutoa."

Ndiyo, niliweza. Nyinyi mnajua nilivyoweza. Kiprono naye akapiga simu akisema, "Madam, kata hiyo kitu tafadhali, hata mtoto wa nasari anaweza kukata hiyo kitu." Mtoto wa nasari hawezi, lakini mimi nilikaa mpaka saa saba mchana nikakata. Nilitoa kila itikio, nikajaza nafasi kwa kimya cha ua ule ule, na kuku yule yule mbali, na feni za kiwanda. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hata mimi mwenyewe nilipoisikiliza, niliona mzee anabariki na hakuna aliyefungua mdomo.

Lakini wakati wa kukata nilikuwa nimesikia kitu ambacho pale uani sikukisikia. Kati ya maitikio yote, la karibu zaidi na maiki, lililofunika mengine, lilikuwa langu. Wale wajomba wa kukodi walikuwa wamenifuata mimi. Aibu niliyoisikia, wacha tu. Kwa miaka yote hiyo niliwafukuza watu kazini kwa kukohoa.

Sigor tulienda na pikapu ya Mbugua: wazazi wa Chelangat, Kiprono, Mzee arap Tonui aliyeitwa akaeleze mwenyewe, na mimi na laptopu mapajani, ndani yake rekodi mbili. Nyuma tulikuwa tumepakia spika ya gitaa ya Mbugua kwa sababu ya laptopu haingesikika na wazee. Tulipokelewa kwa heshima. Tukasalimiwa chamgei, chamgei, tukapewa chai, tukaulizwa mvua ya kwetu, ng'ombe wa kwetu. Baba yake Wesley alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na haraka. Wesley alikaa karibu na mlango na hakugusa kikombe chake.

"Sisi hatuna ugomvi," yule baba akasema. "Tunataka tu kujua ni nini kilifanyika. Tumeambiwa mama huyu alishika sauti. Tutasikiliza, na tutaamini tutakachosikia."

Akavua kofia. Akasogeza kiti chake mpaka karibu na spika, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akafumba macho. Wazee wengine wakafanya hivyo hivyo. Mama Chelangat alinitazama kwa macho ya kuomba, na kidole changu kilikuwa juu ya ile rekodi niliyoikata.

Ndipo nikamwona Mzee arap Tonui. Naye alikuwa amefumba macho na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Yeye alijua watu waliitika. Akiulizwa atasema waliitika, na spika ya Mbugua ingesema hapana. Mbele ya wazee wa rika lake, katika nyumba ya watu, ningemfanya mzee huyo mwongo kwa kazi ya mikono yangu. Hilo hatukuwa tumelifikiria, si mimi, si mama yake Chelangat, si Kiprono. Nikasogeza kidole nikaweka rekodi nzima.

Baraka ikajaa ile sebule. Maitikio yote manne. Mama Chelangat alifunika uso na leso. Wesley alisimama akatoka nje, na sikuweza kumtazama.

"Rudia," baba yake akasema. Nikarudia. Akafungua macho. "Huyo mama anayeitika kwa nguvu namna hiyo ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe si ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini. Nilisahau kabisa."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akajizuia.

"Na ungetaka kuondoa hiyo sauti yako, ungeweza?"

"Niliiondoa, mzee," nikasema. "Nyingine iko hapa, imekatwa. Hungejua. Nimeshindwa kuiweka."

Chelangat atanisamehe, niliwaza, au hatanisamehe. Kiprono alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Halafu Mzee arap Tonui, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza bado, akakohoa.

"Baraka nilitoa, na siirudishi," akasema. "Lakini nataka kuuliza wazee. Yule kijana aliyesimama pale, nilimpa nini? Alikuja na nani? Wajomba wa kukodi! Hana baba pale, hana mama, hana ukoo. Kuna mtu hapa amewahi kuona baraka ya koito inaingia kwa mtu hana ukoo? Itakaa wapi? Mimi nilibariki mtoto wa kwetu na nyumba yake. Nyumba yenyewe bado. Mwanamume atakayekuja na wajomba wake wa kweli ndiye atakayeikuta baraka hapo."

Wazee walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa, akatikisa tena, akaanza kutabasamu.

"Kwa hivyo huyu msichana," baba yake Wesley akasema polepole, "sisi tukienda, atakuja kwetu akiwa amebarikiwa mara mbili?"

"Mara mbili."

"Hiyo si hasara," akasema. Akavaa kofia yake. "Mwiteni huyo kijana huko nje." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, umetuambia kweli hata pale ilipokuuma. Lakini nina neno moja. Hiyo ni baraka ya nyumba ya mwanangu sasa. Isichezwe sokoni watu wakicheka. Iondoe mahali popote iko."

Nilizifuta pale pale, zote mbili, yeye akitazama, nikamwonyesha mahali ambapo hazikuwa tena. Wesley alikuwa ameingia na hakujua tunafanya nini, ila alimwona arap Tonui akicheka naye akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mkiniuliza sauti bora niliyowahi kushika katika maisha yangu yote ya kazi, ni hiyo baraka niliyoifuta. Ilinichukua kugusa mara mbili kuimaliza. Niliumia, sitawadanganya, na ningefanya vile vile tena leo.

Koito ilifanyika kwa siku iliyopangwa. Mimi nilienda bila mashine yoyote.

Kiprono alibaki na sini nzuri isiyo na sauti, na hiyo ndiyo sini ambayo filamu nzima inaelekea. Alikuja kwangu amepauka. "Madam, tuiondoe?" Nikamwambia akae, anywe uji. Nilimweka Mbugua mbele ya picha ya Mzee arap Tonui, bila sauti hata kidogo, nikamwambia, "Tazama mdomo wake. Akifungua, piga. Akifunga, nyamaza. Usimcheke. Piga kama ni baraka."

"Mathe, gitaa halijui Kikipsigis."

"Hata wewe hujui, na umeishi hapa maisha yako yote. Piga."

Tulikaa siku mbili. Mbugua alilegeza nyuzi mpaka kwenye sauti ya kiwanda, akafuata kila mtikisiko wa midomo ya mzee, mikwaruzo, mngurumo, kupanda, kushuka. Na kila mzee aliponyamaza na watu kufungua vinywa, besi na dramu ziliitika kwa pamoja, mara nne, mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye dari ya duka. Tulipomaliza Mbugua alikaa chini. Nilisimama nikaenda kumshika bega, maana alikuwa amenipa kitu ambacho sikujua jinsi ya kukiomba.

Filamu ilionyeshwa Silibwet ukumbi ukiwa umejaa mpaka madirishani. Mzee arap Tonui alipelekwa mstari wa mbele, Chelangat na Wesley nyuma yake, na mimi pembeni. Sini ikafika. Mzee kwenye picha akavua kofia, akashika kibuyu, akafungua mdomo, na gitaa la umeme likatoka. Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana, akina mama wakalala mapajani mwa wenzao, na kila besi ilipoitika, kicheko kiliongezeka, kisha kwenye itikio la nne kikageuka, sijui niseme vipi, watu wengine walikuwa wanalia na hawakujua kwa nini.

Mimi nilikuwa namwangalia mzee. Hakucheka. Alikaa wima kabisa, mikono juu ya mkongojo, mpaka sini ikaisha. Halafu akageuza kichwa akaniita kwa kidole, nikaenda nikachuchumaa karibu naye.

"Rael, kumbe nina sauti namna hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Hmm." Alionekana amefurahi. "Na ile yangu ya kwanza? Maneno yenyewe? Uliyaweka wapi?"

"Nilifuta, mzee. Sigor, siku ile ile."

"Yote?"

"Yote. Hayako popote."

Akageuka nyuma akamtazama Chelangat, ambaye alikuwa ameegemea bega la Wesley akipangusa macho kwa kicheko.

"Basi yamebaki kwa wenyewe," akasema, akarudi kutazama filamu.